Upimaji wa Afya wa Kuingia Jeshini: Sayansi ya Vipimo na Maandalizi Yake

Kijana anayetaka kuingia jeshini hupimwa mambo mengi kabla hajapewa sare. Hupimwa elimu yake, mwenendo wake na kasi ya mbio zake. Lakini kipimo kinachowatia vijana hofu kuliko vyote ni kile cha daktari. Hofu hiyo hutokana na mambo mawili. Kwanza, wengi hawajui ni nini hasa kinachotafutwa. Pili, wengi hudhani kwamba mwili una jibu moja tu lisilobadilika, na kwamba daktari hulisoma jibu hilo kama mtu asomavyo bei iliyoandikwa juu ya bidhaa.

Ukweli ni kwamba mwili ulio hai hubadilika kila saa. Kijana huyo huyo akipimwa saa mbili asubuhi baada ya kulala vizuri, kisha akapimwa tena siku nyingine alasiri baada ya kusafiri usiku kucha ndani ya basi, ataandikiwa tarakimu tofauti za urefu, uzito, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa hiyo, kuipanga siku ya upimaji na kuuandaa mwili kwa siku hiyo si ushirikina wala si hila. Ni sehemu ya sayansi ya kupima. Makala haya yanaeleza kwa nini majeshi hupima afya, kila kipimo hufanya kazi gani, na kijana afanye nini ili tarakimu zitakazoandikwa ziwe za mwili wake halisi.

KWA NINI MAJESHI HUPIMA

Askari huishi kwa wingi katika mabweni, hula chakula kimoja, hunywa maji ya mahali pamoja na hufanya kazi ngumu juani. Mtu mmoja mwenye kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa aweza kuwaambukiza wenzake wengi. Mwenye maradhi ya moyo aweza kuanguka katika wiki ya kwanza ya mazoezi. Upimaji, basi, una makusudi matatu: kumlinda anayepimwa, kuwalinda wenzake, na kumpangia kila mtu kazi inayolingana na uwezo wake.

Historia ya Afrika Mashariki inatoa somo chungu juu ya jambo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza waliwachukua wanaume wengi wa nchi hizi kuwa wapagazi wa jeshi. Jina la Kariakoo, mtaa maarufu wa Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps. Wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wengi mno kati yao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria. Watu waliotoka nyanda za juu zenye baridi walipelekwa mabondeni wasikokuwa na kinga ya malaria, wakapewa vyakula wasivyovizoea na kubebeshwa mizigo mizito. Kumkagua mtu siku ya kumwandikisha hakutoshi ikiwa baada ya hapo hatatunzwa. Lakini kumchukua bila kujua hali yake ni kumpeleka kifoni.

Uingereza yenyewe ilikuwa imepata fundisho miaka michache kabla ya hapo. Wakati wa vita vya Afrika ya Kusini, 1899 hadi 1902, vijana wengi wa miji ya viwanda waliojitolea walikataliwa na madaktari wa jeshi kwa sababu ya meno mabovu, miili midogo, mioyo dhaifu na macho hafifu. Taifa lilishtuka. Kamati ya serikali ilichunguza jambo hilo na kutoa taarifa yake mwaka 1904. Mwaka 1906 ilipitishwa sheria ya kuziruhusu serikali za mitaa kuwapa chakula watoto wa shule wenye njaa, na mwaka 1907 sheria ya kuwapima afya wanafunzi. Upimaji wa jeshi ulikuwa kioo, na taifa lilijiona ndani yake.

UDANGANYIFU ULIOFICHULIWA NA HESABU

Tangu zamani wako watu waliojaribu kumdanganya mpimaji: wengine ili wachukuliwe, wengine ili waachwe. Mfano mmoja unawafaa sana wanafunzi wa hisabati.

Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, alichunguza vipimo vya urefu vya vijana 100,000 wa Kifaransa walioitwa jeshini. Kwa sheria ya wakati ule, aliyepungua sentimita 157 alisamehewa utumishi. Quetelet alijua kwamba urefu wa watu wengi, ukichorwa kwenye grafu, hufanya umbo la kengele: wengi huwa katikati, na idadi hupungua pole pole kuelekea kwa wafupi sana na kwa warefu sana. Alipolinganisha umbo hilo na takwimu za jeshi, aliona kasoro. Watu waliopungua kidogo sentimita 157 walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozidi kidogo kipimo hicho walikuwa wachache kupita kiasi. Alikata shauri kwamba watu wapatao 2,000 walikuwa “wamefupishwa”: ama walikunja magoti, ama mpimaji alifumba jicho. Mtu mmoja aweza kumdanganya mpimaji mmoja, lakini tarakimu za watu wengi zikiwekwa pamoja hutoboa siri.

Quetelet ndiye pia aliyeonyesha kwamba uzito wa watu wazima huelekea kuongezeka kwa kadiri ya mraba wa urefu. Kutokana na wazo hilo madaktari wa leo hugawanya uzito wa mtu kwa kilo kwa mraba wa urefu wake kwa mita. Kijana wa kilo 60 mwenye urefu wa mita 1.65 hupata 60 ÷ 2.72, yaani takriban 22. Kwa watu wazima, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni kuanzia 18.5 hadi chini kidogo ya 25. Kipimo hiki hakitofautishi misuli na mafuta. Kwa hiyo mwanamichezo mwenye misuli mizito aweza kupata namba kubwa ilhali hana unene wowote. Ndiyo sababu daktari hatosheki na namba hiyo peke yake.

VIPIMO NA MAANA YAKE

Urefu na uzito. Matangazo ya Jeshi la Ulinzi la Kenya ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka urefu usiopungua mita 1.60, na uzito usiopungua kilo 54.55 kwa wanaume na kilo 50 kwa wanawake. Kijana aliye kwenye ukingo wa viwango kama hivyo apaswa kujua kwamba binadamu huwa mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni, kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna sahani za gegedu zenye maji. Mchana kutwa uzito wa mwili huzikandamiza na kuzitoa maji. Usiku mtu alalapo hunywa maji tena na kuvimba. Mtu aliyebeba gunia au kusimama siku nzima hupimwa akiwa amefupika kweli.

Uzito nao hubadilika. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Wako vijana wanaokunywa maji mengi mno kabla ya kupanda mizani. Hila hiyo huleta hasara mbili: mkojo huwa mwepesi mno hata daktari akautilia shaka, na maji mengi yakinywewa kwa muda mfupi hupunguza chumvi ya sodiamu katika damu, jambo linaloweza kuleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa, degedege na hata kifo. Anayetaka kuongeza kilo mbili ale vizuri kwa miezi miwili, asinywe ndoo kwa saa mbili.

Macho. Ubao wa herufi zinazopungua ukubwa ulibuniwa mwaka 1862 na Herman Snellen, daktari wa macho wa Utrecht, Uholanzi. Mtu akiandikiwa 6/6, maana yake ni kwamba akiwa umbali wa mita 6 anaona kile ambacho jicho la kawaida huona kwa umbali huo. Akiandikiwa 6/12, inambidi asimame mita 6 ili aone kile ambacho jicho la kawaida hukiona kutoka mita 12.

Kipimo cha rangi kina historia ya kijeshi. Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, alitunga kurasa zenye vidoto vya rangi vinavyoficha tarakimu, na zikachapishwa mwaka 1917. Asiyeweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani haioni tarakimu, au huona nyingine. Kasoro hii huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa jeni zake zimo katika kromosomu X. Mwanamume ana kromosomu X moja tu, kwa hiyo hana ya pili ya kufidia ile yenye kasoro. Mtu wa namna hii si mgonjwa, wala hakuna zoezi la kumbadilisha; lakini haifai apewe kazi ya kusoma taa za ishara au kuunganisha nyaya za rangi. Mara nyingi kasoro hii humbadilishia mtu kazi tu, bila kumfungia mlango wa jeshi.

Masikio. Mpimwaji huvaa vipokea sauti, na mashine iitwayo audiometa hutoa milio ya nguvu na marudio mbalimbali, ya chini na ya juu. Kila asikiapo mlio, hubonyeza kitufe. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo ambazo huchoka kwa kelele. Aliyekesha kwenye muziki wa vipaza sauti, au aliyeshinda karibu na mashine ya kusaga, huamka na masikio mazito. Kwa kawaida hali hiyo hupona baada ya saa kadhaa au siku moja mbili, lakini akipimwa kabla haijapona ataandikwa kuwa ni mzito wa kusikia. Kelele hizo zikizidi mara kwa mara, chembe hufa, nazo hazioti tena.

Shinikizo la damu. Kifuko cha hewa cha kufungwa mkononi kilibuniwa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov, daktari wa kijeshi wa Urusi, alieleza jinsi ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha daktari. Kifuko hujazwa hewa mpaka damu ikome kupita mkononi, kisha hewa hupunguzwa pole pole. Mlio wa kwanza unaosikika huonyesha shinikizo la juu, yaani wakati moyo unapokaza. Mahali milio inapopotea huonyesha shinikizo la chini, wakati moyo unapolegea. Kwa kijana mwenye afya, tarakimu hizo huwa karibu na milimita 120 na 80 za zebaki.

Hakuna kipimo kinachoyumba kwa urahisi kama hiki. Hupandishwa na woga, mazungumzo, sigara, kahawa, miraa, kibofu kilichojaa, miguu iliyokunjwa nne na kifuko kilicho kidogo kuliko mkono. Hata mahali mkono ulipo pana maana. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, uzito wa safu hiyo ya damu huongeza takriban milimita 8 za zebaki. Mwalimu wa fizikia aweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa kulinganisha uzito wa damu na wa zebaki: zebaki ni nzito takriban mara 13 kuliko damu. Kwa hiyo mpimwaji aketi kimya kwa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo.

Mkojo na damu. Katika mkojo hutafutwa sukari, protini na damu. Sukari yaweza kuwa dalili ya kisukari. Protini yaweza kuwa dalili ya maradhi ya figo. Lakini mbio ndefu za jana zaweza pia kuingiza protini na damu mkojoni kwa siku moja au mbili, na homa hufanya hivyo pia. Wako hata vijana wachache ambao protini huonekana mkojoni mwao mchana wakiwa wamesimama, ilhali mkojo wao wa alfajiri hauna kitu. Daktari akitilia shaka huagiza mkojo wa kwanza wa asubuhi. Katika damu huangaliwa wingi wa hemoglobini, na kwa majeshi mengi magonjwa ya kuambukiza pia.

Kifua na moyo. Daktari husikiliza pumzi na mapigo ya moyo, na pengine picha ya eksirei hupigwa kutafuta kifua kikuu. Msichana mwenye ujauzito, au anayeshuku kuwa nao, amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha hiyo ili mtoto aliye tumboni akingwe na mionzi.

JIBU LA KWANZA SI HUKUMU

Hapa pana jambo ambalo huwavunja moyo vijana wengi kwa kutolijua. Hakuna kipimo kisichokosea. Na panapotafutwa ugonjwa ulio nadra katika umati wa watu wazima wa afya, majibu mengi ya kutia shaka huwa ya watu wasio na ugonjwa.

Ichukuliwe mfano kwamba vijana 1,000 wanapimwa, na 10 kati yao wana ugonjwa fulani. Kipimo kinawagundua 9 katika hao 10. Kati ya wazima 990, kipimo kinakosea kwa 5 katika kila 100, yaani kinawatia shakani watu wapatao 50 wasio na ugonjwa. Jumla ya walioambiwa “pana shaka” ni 59, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 9 tu: hawafiki hata mmoja katika kila sita. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hamfukuzi mtu kwa jibu la kwanza, bali huagiza kipimo cha pili kilicho bora zaidi. Kijana aliyeambiwa arudi apimwe tena asidhani kwamba amekwisha kukataliwa. Na aliyekataliwa ana sababu ya kuuliza kwa adabu ni kipimo gani kilichopungua, ili aende hospitali kutibiwa ikiwa ugonjwa upo kweli.

KUIPANGA SIKU

Taratibu hutofautiana baina ya nchi na nchi. Nchini Marekani kijana anayeomba kuingia chuo cha maofisa hupimwa chini ya bodi maalumu ya Wizara ya Ulinzi. Hupanga mwenyewe siku ya kuonana na daktari aliyeteuliwa, na upimaji wake hutambuliwa kwa miaka miwili. Bodi hutamka tu kama viwango vimetimizwa au la. Asipovitimiza, chuo alichokiomba ndicho chenye uwezo wa kumsamehe kasoro. Kwingineko siku hutangazwa kwa wilaya nzima, na vijana hupangwa mstari uwanjani tangu alfajiri. Nchini Tanzania wahitimu wa kidato cha sita wamekuwa wakiitwa tena katika Jeshi la Kujenga Taifa tangu mwaka 2013. Jeshi hilo lenyewe lilianzishwa mwaka 1963.

Mara nyingi vituo vya upimaji huanza na vipimo rahisi na vya haraka, kama vile urefu, uzito na macho, na kumalizia na vile vya gharama kama damu na eksirei. Kijana anayejua siku yake, au anayeitarajia, ahesabu siku kurudi nyuma kama ifuatavyo.

Miezi miwili au mitatu kabla: aende kwa daktari wa meno, kwa maana jino bovu haliponi kwa usiku mmoja. Akihitaji miwani aitafute sasa. Akusanye kadi ya chanjo na vyeti vya hospitali, hasa kama aliwahi kupasuliwa, kuvunjika mfupa au kulazwa. Aanze mazoezi ya pole pole.

Wiki mbili kabla: akipatwa na malaria au homa nyingine, atibiwe kikamilifu, na ikiwezekana aombe kusogezewa siku. Homa hupandisha mapigo ya moyo na kuchafua majibu ya mkojo. Anayevaa lenzi ndani ya macho aulize ni lini aache kuzivaa, kwani hubadilisha kidogo umbo la konea. Lenzi ngumu huhitaji muda mrefu zaidi kuliko laini.

Siku mbili kabla: aache mbio ndefu na kuinua vitu vizito. Akae mbali na ngoma, vipaza sauti na mashine zenye kelele.

Usiku wa kuamkia siku hiyo: alale mapema. Kama ameamriwa kufunga kwa ajili ya kipimo cha damu, asile tangu muda alioambiwa, lakini maji anywe kwa kiasi. Sigara, kahawa, pombe na miraa viwekwe kando. Anayetumia dawa aliyoandikiwa na daktari asiiache kwa matumaini ya kuonekana mzima. Aendelee nayo, na aseme kwamba anaitumia.

Asubuhi yenyewe: aoge, avae nguo rahisi kuvua, achukue miwani yake na karatasi zake, na afike mapema ili apumzike. Asiende haja ndogo muda mfupi kabla ya kuitwa kutoa mkojo. Mkojo wa katikati ndio unaokingwa. Wa kwanza humwagwa. Msichana aliye katika siku zake aseme, ili damu itakayoonekana isidhaniwe kuwa ni ugonjwa wa figo.

UKWELI MBELE YA DAKTARI

Sehemu ngumu kuliko zote haina mashine. Ni karatasi ya maswali: Je, umewahi kuugua pumu? Umewahi kuzimia au kuanguka kifafa? Katika ukoo wenu yuko aliyekufa ghafla akiwa kijana? Kwa familia iliyoweka matumaini yake yote kwa mtoto mmoja, kishawishi cha kuandika “hapana” ni kikubwa. Lakini pumu iliyofichwa haibaki ofisini. Humfuata mwenyewe kwenye vumbi la uwanja wa mazoezi, mahali ambapo dawa iko mbali na mkufunzi hajui kilichompata.

Selimundu hutoa mfano mzuri wa faida ya kujulikana. Watu wengi wa Afrika Mashariki wamerithi jeni moja tu ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Hawa si wagonjwa, na wengi huishi bila dalili yoyote. Mwaka 1987 uchunguzi wa makuruti wa Kimarekani ulionyesha kwamba vifo vya ghafla wakati wa mazoezi makali vilikuwa vingi zaidi, mara nyingi mno, kwa wenye jeni hiyo kuliko kwa wasio nayo. Baadaye jeshi liliweka kanuni za kuwalinda askari wote dhidi ya joto: kunywa maji ya kutosha, kupumzika kwa zamu na kuongeza ugumu wa mazoezi hatua kwa hatua. Uchunguzi mwingine, uliotolewa mwaka 2016 juu ya wanajeshi wapatao 48,000 wa Kimarekani wenye asili ya Afrika, haukuona tena ongezeko la vifo kwa wenye jeni hiyo. Ulichoona ni kwamba kuvunjika kwa misuli kutokana na kazi ngumu bado kulizidi kwao, kwa takriban nusu zaidi. Kilichowalinda vijana hao hakikuwa kufukuzwa wala kufichwa. Kililetwa na maji, kivuli, na mkufunzi anayejua la kufanya.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu wa sayansi hahitaji kituo cha jeshi ili kuwaonyesha wanafunzi ukweli huu. Utepe wa kupimia, ukuta na saa yenye mkono wa sekunde vinatosha.

1. Kila mwanafunzi apimwe urefu mara tu afikapo shuleni, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Apimwe tena baada ya vipindi vya mwisho. Tofauti ziandikwe na wastani wake utafutwe.

2. Mapigo ya moyo yahesabiwe kwa dakika nzima: mwanafunzi akiwa ameketi kimya kwa dakika tano, kisha mara baada ya kuruka kamba kwa dakika mbili, kisha kila baada ya dakika moja hadi yarudi yalipoanzia. Grafu ichorwe.

3. Wanafunzi wawili wampime mwenzao mmoja urefu, kila mmoja peke yake, bila kuambiana jibu. Darasa lilinganishe majibu, na lijadili tofauti hiyo inatokana na mpimwaji, na utepe, au na jicho la mpimaji.

4. Urefu wa wanafunzi wote wa kidato kimoja uchorwe katika grafu ya nguzo, wavulana na wasichana mbalimbali. Darasa litazame kama umbo la kengele linajitokeza, na lieleze ni nini kingetokea kwa umbo hilo kama shule ingetangaza kwamba wote waliozidi mita 1.60 wataongezewa zamu ya kuchota maji.